Bendera ya Birika

Evere, Brussels
Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Mkono wako siufikii kutoka huku, basi busu langu lichukue hapa nilipoandika neno Baba. Jicho linaendeleaje? Shangazi kanipasha habari kuwa ile miwani nyeusi ya daktari umeshaivua kabla ya siku zake, ati unataka kuwaona vizuri wanaokuibia kwenye dhumna. Baba! Tulia. Wanaokuibia watakuwepo tu, jicho ndilo ulilonalo moja la kutegemea.

Mimi mzima, Alhamdulillahi. Magoti hayaniumi tena tangu ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Woluwe, waliponitoa kwenye kufua wakaniweka kwenye cherehani. Siku nzima nashona majina ya wazee kwenye nguo zao zisipotee, nafupisha suruali, nabadilisha zipu. Jioni napanda basi narudi Evere napika wali wangu. Nimenenepa kidogo. Usimwambie mtu.

Sasa. Uliponipigia mwezi uliopita uliniuliza mbona sauti imepooza, nikakwambia ni mafua. Nilikudanganya, unisamehe. Nilikuwa nimegombana na tawi langu, na nilidhani sina tena pa kukaa. Nimeona nikuandikie kwa kuwa wewe mwenyewe husema maneno ya simu huruka na ya karatasi hukaa, na kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki miaka ishirini akalipenda kuliko mkewe. Mama alisema hivyo, si mimi.

Unajua Jumamosi zangu ni za mpira wa kikapu wa wanawake. Huku si mchezo wa shuleni, ni kazi, wachezaji wana mishahara na ukumbi unajaa. Niliingiaje mimi humo? Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na mtu. Bwana mmoja, Luc, dereva wa tramu mstaafu, alikuwa akija kumtazama mama yake pale kwa wazee. Akaniona namshonea mama yule kifungo, siku ya pili akaniletea skafu ya timu iliyochanika. Nikaishona, akanipa tiketi. Nikaenda kwa adabu tu, nikijua nitasinzia. Wallahi robo ya pili nilikuwa nimesimama napiga vigelegele, na watu wazima wenye mvi wamegeuka wote kunitazama kama gari la zimamoto limeingia ndani. Tangu siku hiyo nina kiti changu safu ya sita, kati ya Luc na mama mmoja anaitwa Godelieve, ambaye huleta keki. Nilipougua mwaka juzi hao ndio waliokuja na supu. Kwa hiyo ukiona naandika "tawi", Baba, jua naandika watu wangu.

Tawi lina bendera. Ya timu ipo, lakini hizi ni za wachezaji. Mchezaji anayependwa hushonewa yake, yenye jina lake na picha ya kitu kinachofanana na tabia yake, na mechi nzima huning'inia ukingoni mwa jukwaa. Lotte, yule mfupi mjanja, ana mbweha. Mwingine ana nyuki. Kamati huamua, Luc huleta kitambaa, mimi hukata na kushona. Kwa miaka mitatu nimeshona bendera tisa, na nilikuwa najiona mtu muhimu Brussels nzima.

Msimu huu akaja mchezaji mpya kutoka Finland, Annika, nywele za dhahabu, mfungaji hodari kweli, simpunguzii kitu. Hata mwezi haujaisha ana wimbo wake, na Luc ameshaniletea kitambaa cha bendera ya kumi, yenye nyota. Nikashona. Nikaitundika mwenyewe.

Mechi hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, mama mmoja Mkongo akanifuata chooni nikinawa mikono. Nilimjua kwa sura, hukaa chini karibu na mlango. Ni mama yake Mireille. Na Mireille ndiye senta wetu, yaani yule anayesimama chini ya kikapu akapigwa viwiko ili wengine wafunge. Mweusi kama mimi, kazaliwa hapa hapa Evere, mitaa miwili kutoka kwangu, na timu hii ameichezea miaka mitano. Mama yake ana saluni kule Matonge, ukitoka tu metro ya Porte de Namur.

Akanisemesha kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Maman, ni wewe unashonaka zile drapeau?"

"Bendera zile ni mimi, mama."

Akafungua pochi. "Bon. Mi sikujua mambo inaendaka namna gani. Kumbe ni famille ndio inalipaka. Donc niambie bei, mutoto yangu naye apate. Cinq ans, miaka tano, eko anacheza, na mi sikuulizaka hata siku moja. Ni kosa yangu."

Baba, maji yalikuwa yanatiririka na mimi sina habari nayo. Mwanamke huyu alikuwa anajilaumu! Alidhani wazazi wa wenzake wote walilipa, na yeye ndiye aliyezembea. Ningemwambiaje kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kulipa? Kwamba bendera zile ni mapenzi ya mashabiki, na mapenzi hayo yamempita binti yake mara kumi, na mkono ulioshona ni huu wangu? Nikamwambia afunge pochi, nitamjibu. Nilirudi kitini nikiwa nimejaa haya mpaka shingoni.

Nilipokaa nikaanza kusikia. Lotte akitoa pasi nzuri, watu husema, "Akili hiyo!" Mireille akitoa pasi ile ile, "Nguvu! Mashine!" Mireille hatabasamu, wanasema ana kiburi. Annika naye hatabasamu, wanasema ana haya, binti yetu. Wachezaji weusi wamepita wengi katika miaka yangu mitatu, na hakuna aliyeshonewa hata leso. Nami nilikuwa nimekaa katikati ya maneno hayo nakula keki. Na usicheke, Baba, maana nanyi tawini kwenu yule kipa kutoka bara mlimwita "mgeni wetu" misimu minne, mpaka alipodaka ile penalti ndipo akawa mwana wa Tanga. Angalau yule alidaka mara moja yakaisha. Mireille amedaka kila kitu, na bado.

Kamati ilikaa Jumanne, kwenye baa inayotazamana na ukumbi. Nikaagiza chai yangu, nikasema kwa Kifaransa changu cha kwenye basi kwamba sishoni tena bendera ya mtu yeyote mpaka Mireille apate yake. Godelieve akasema Mireille ana nguvu, hahitaji mambo hayo. Nikamuuliza, nani kakwambia? Mwingine akasema wachezaji kama hao huja na kuondoka. Nikamkumbusha kwamba kazaliwa Evere, ataondoka aende wapi? Lakini aliyeniumiza ni Luc, kwa kuwa ndiye ninayempenda. Akasema taratibu, "Rehema, sisi hatutazami rangi."

"Najua," nikamwambia. "Basi leo itazameni mara moja tu. Nitajie wenye bendera."

Akaanza kuwataja kwa vidole. Alipofika wa saba akaulaza mkono mezani. Kisha akavaa koti akatoka, bia kaiacha nusu. Baba, Luc kuacha bia ni msiba.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na ya pili nayo sikwenda, ndipo uliponipigia. Nilikaa nyumbani nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nikajiambia mdomo umeniponza, katika mji mzima huu nina watu sita na nimewagombeza wote sita. Naam, nililia. Lakini kila nikifikiria kwenda kuomba radhi, nilimwona yule mama na pochi yake, nikarudi kwenye mapazia.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama Mireille mwenyewe, aliyenipigia akicheka hata maneno hayatoki. Luc alikwenda saluni! Jumatano mchana, wanawake wamejaa wanasukwa, redio inapiga Kilingala, mara mlango unafunguka, mzee wa Kibelgiji na kofia mkononi. Wakadhani ni mkaguzi wa serikali. Mmoja akakimbilia chumba cha nyuma na kichwa kilichosukwa nusu. Wakamwambia mzee asubiri zamu, na kweli akasubiri saa nzima, kashika gazeti la mitindo ya nywele. Zamu yake ilipofika akamwambia mama, nimekuja kuuliza mwanao ni mtu wa namna gani, maana miaka mitano namshangilia na simjui. Alikuwa amefikiria simba kwenye bendera yake, akaona aulize kwanza.

"Simba?" mama akamwambia. "Mutoto huyu anaogopaka hata panya! Huyu ni muntu wa chai."

Akamweleza. Tangu utotoni Mireille hana kinywaji ila chai ya tangawizi. Huenda na chupa kubwa kwenye kila mechi, na timu ikisafiri huwamiminia wenzake wote ndani ya basi, Annika naye akiwamo. Nyumbani wadogo zake humwita Birika. Haya yote yapo miaka mitano, na sisi tunaojiita mashabiki hakuna aliyeyajua.

Jioni ile ile Luc akagonga mlango wangu, kitambaa cha kijani kwapani. Hakuwa na hotuba. Alisema, "Nilitaja saba, nikamtafuta hata mmoja asiye mzungu, sikumpata. Nilitembea mpaka nyumbani, tramu nimeiacha." Kisha akauliza kama naweza kushona birika. Nikamwambia mimi mtu wa Tanga, birika nalishona pamoja na moshi wake. Majivuno tu, Baba. Ule mdomo wa birika ulinitoa jasho, nimeufumua mara mbili.

Jana tuliitundika. Sitakuficha, si wote waliofurahi. Godelieve kahamia safu ya tatu, keki na yeye, na inaniuma, kwa yeye na kwa keki. Mireille hakuwa ameambiwa lolote. Robo ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde zinahesabika, akaangushwa chini ya kikapu akapewa mitupo miwili huru. Hiyo ni kama penalti, unasimama peke yako na ukumbi mzima unakutazama. Akaudunda mpira, akainua macho apumue, akaliona birika. Akalitazama. Kisha akacheka, Baba, yule anayesemwa hatabasamu, akacheka mpaka mabega yanatikisika na mwamuzi akabaki anamngoja. Akatupa, akakosa. Akatupa wa pili huku bado anacheka, akakosa.

Ndiyo, tulifungwa. Kwa pointi hiyo hiyo moja.

Sasa ujue, siku zote Mireille akikosa, jukwaa huguna. "Mashine imeharibika." Lotte au Annika wakikosa hupigiwa makofi, pole mwanangu, utapata nyingine. Mimi nikainamisha uso nisisikie. Nikasikia makofi ya mtu mmoja kando yangu, mikono mikubwa ya dereva wa tramu. Halafu safu yetu. Halafu ile ya mbele yetu, na ya chini yake, mpaka karibu na mlango. Nikapiga vigelegele hadi sauti ikakatika.

Mama yake alipanda ngazi zote mpaka kwangu, machozi yanamtoka, akanishika mkono kama mtu anayetaka kuhakikisha. "Maman," akaniambia, "mutoto amekosa, na wamemupigia makofi."

Nisalimie shangazi anayekupikia, kaka yangu fundi baiskeli na mkewe, na katibu wa tawi lako, mwambie ajitayarishe kwa maswali nitakapokuja likizo. Salamu pia kwa binamu anayekusomea barua hii. Pale penye maneno ya Mama asiruke, namjua.

Mungu akuweke, akupe macho na usingizi.

Binti yako asiye na sauti leo,

Rehema