Kisaa cha Hatua za Baba

Mau Narok,
9 Agosti 1971

Ndugu yangu mpenzi Hezekiah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Wifi yangu naye, bado anakulisha ugali mbichi? Mama hajambo, viazi vimetoka vizuri, na mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, ndiyo maana naandika.

Unakikumbuka kile kisaa cha kuhesabu hatua, ulichopewa na bwana mpimaji ardhi ukamletea Baba baada ya kiharusi? Daktari wa Nakuru alisema atembee hatua elfu moja kila siku, la sivyo miguu itakufa. Kazi ya kusoma mshale ukaniachia mimi. Unanijua, nikipewa sheria ni sheria.

Baba alikokota miguu na fimbo yake hadi kwenye lango la zizi na kurudi, mchana kutwa. Jioni nikikifungua kisaa kwenye mshipi wake, mshale haukupita hatua sitini. Yeye alisema ameenda mara kumi na mbili. Nikamwambia uzee si ruhusa ya kudanganya. Baba yetu, Hezekiah, nilimwita mwongo! Kesho yake akatoka tena.

Baada ya mazishi mvua ilinyesha, nyasi zikaota kila mahali isipokuwa mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye zizi. Ni miguu yake iliyoulima. Nikakivaa kisaa, nikakokota miguu kama yeye, mara kumi na mbili. Mshale ulisogea kidogo sana. Nilipotembea kwa kuinua miguu, ulihesabu kila hatua.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nilikuandikia kwamba Baba alifia usingizini. Si kweli. Alhamisi ile aliingia akitetemeka, akaomba chai. Nilikuwa nimeshaimimina. Nikatazama mshale, nikairudisha chai kwenye birika, nikamwambia akamalize hatua zake. Tulimkuta ameegemea lango la zizi, amepoa. Habari ya chai Mama haijui hadi leo.

Kisaa nakurudishia pamoja na barua hii. Usimpe mzee mwingine.

Kila jioni nikimimina chai nasikia miguu ikikokotwa nje. Naogopa sana, lakini nafungua mlango. Hakuna mtu. Hata hivyo namwambia aingie, hatua zimetosha.

Nisalimie wifi na watoto. Ukiweza kunisamehe, niandikie. Usipoweza, niandikie vilevile.

Ni mimi dada yako,
Chepkosgei