Funguo Ulizoondoka Nazo

Kaka Marwa,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali, na hali yako naijua, kwa hiyo naruka hapo. Sisi tunapumua. Nakuandikia kutoka kwenye meza yako, ambayo sasa ni yangu, katika ofisi ile ile ya kompyuta nyuma ya maabara ya hospitali yetu hapa Tarime. Nina hasira tangu tulipokuzika na nimechoka kuibeba peke yangu. Ni ya kwako, basi ipokee.

Watu hapa hawataki niiseme. Nikifungua mdomo tu naambiwa, "Bhoke, marehemu hasemwi." Wamekutundikia picha ukutani juu ya kabati la mitambo, umevaa ile tai ya bluu uliyokuwa ukiichukia, na chini yake wameandika kwamba ulikuwa nguzo ya hospitali. Nguzo kweli. Nyumba iliyosimamishwa kwenye nguzo moja tumeiona mwisho wake.

Unakumbuka nilipokuja kujifunza kwako, sijui hata hilo wingu la kompyuta ni kitu gani? Nilidhani kumbukumbu zinakaa angani kweli. Ulicheka hadi ukamwaga chai, kisha ukanieleza kwa habari za mifugo. "Angalia Bhoke, Mkurya mwenye akili hafugi ng'ombe zote boma moja. Zingine anapeleka kwa rafiki, mbali, huko Serengeti. Ugonjwa ukiingia hapa, ama wezi wakija, kule amebaki na mbegu." Basi na kumbukumbu za wagonjwa wetu, ukasema, zina maboma mawili. Kituo kimoja cha data kiko Dar es Salaam, kingine Dodoma, vyote vya kukodi, na kila anachoandika nesi hapa mjini au kwenye zahanati zetu za Natta na Nyambureti kinaingia kwenye vituo vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikifa tunahamia cha pili na mgonjwa hajui kama kuna kilichotokea. Nilikuelewa siku ile ile. Mimi nimekulia Natta, baba yangu ana ng'ombe kwa rafiki yake Nyambureti mpaka leo.

Na ulikuwa mtu wa viwili kwelikweli. Jenereta mbili, miwani miwili, chupa mbili za chai, eti moja ikivunjika. Ulikuwa ukikizima kituo cha kwanza mchana kweupe, wauguzi wako kazini, uone kama cha pili kitashika, nao wakikutukana kwa Kikurya na wewe ukiwaitikia kwa adabu. Kilishika kila mara, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwapo kukifungua. Nilikupenda sana siku hizo, Kaka. Nilijiambia huyu ndiye mtu ninayetaka kuwa.

Lakini funguo za kituo cha Dodoma. Neno la siri lilikuwa kichwani mwako, na namba za uthibitisho zilikuja kwenye simu yako wewe, hakuna mwingine. Nilikuomba unigawie. Nilikuomba ofisini, nikakuomba tena siku ile tumekwama kwenye tope tukitoka Nyambureti, wewe unasukuma gari na mimi nimeshika usukani. Ukanijibu kwa desturi ya wazee, kwamba ng'ombe aliyepelekwa mbali hatajwi. Mwenye ng'ombe peke yake ndiye anayejua kampa nani. Mke hajui, ndugu hajui, kwa sababu siri ikifika kwa wawili wezi nao wameshaisikia. Atamwambia mwanawe siku akiona safari yake imekaribia. Nikakuuliza, wewe utamwambia nani? "Mimi sijaiona safari bado," ukasema, ukaendelea kusukuma.

Presha haikukupa nafasi ya kuiona. Ulikuwa unafunga kamba za viatu asubuhi, pale kwako Nyamisangura, wifi Robi yuko jikoni anakuchemshia maziwa, ikaishia hapo. Tukakulilia na tukakuzika vizuri. Matanga yalipokwisha ndugu zako wakagawana vitu vyako kama ilivyo kawaida, na simu ikamwangukia mdogo wako wa Sirari. Akaipeleka kwa fundi ikafutwa kila kitu ili aweke laini yake. Simlaumu. Aliambiwa kwamba amepewa simu, hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake kuna hospitali.

Halafu mvua zikanyesha Dar, maji yakaingia kwenye jengo la kituo chetu cha kwanza, na skrini zetu zikabaki tupu. Nilikuwa mtulivu, ungejivunia. Niliwaambia manesi wavumilie kidogo, tunahamia Dodoma. Kisha nikafika kwenye mlango wako. Kaka, kumbukumbu zote zilikuwapo, nzima kabisa, mpaka za asubuhi ile ile. Niliona ukubwa wake na saa zilipoingia, na sikuweza kufungua jina la mgonjwa hata mmoja. Wenye kituo walinipa pole nyingi pamoja na masharti: barua ya bodi, cheti cha kifo, kiapo cha mahakama, na subira. Utaratibu huo uliuchagua wewe mwenyewe ili wezi wasiweze kuingia. Hawakuingia, na sisi pia hatukuingia.

Katika siku hizo za kusubiri ndipo mama yako alipoletwa.

Nilitaka nikufiche hili, kisha nikajiuliza nakufichia kwa faida ya nani. Alikuwa na kidonda mguuni, kimevimba, na homa imempanda hata maneno yanamponyoka. Nesi wa zamu ni mgeni, ametoka Iringa, binti mwenye heshima. Alimpa shikamoo yake, akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mama akamjibu, "Angalia kwa kompyuta. Marwa aliandika zote, alisema nisisumbuke kukumbuka." Kwenye kompyuta hakukuwa na kitu, na binti wa watu alidhani ni mzee aliyefiwa anamtajataja mwanawe. Akampiga sindano ya penisilini. Mama akavimba uso na koo, akaporomoka kutoka kwenye benchi, akaangukia nyonga. Pumzi waliirudisha. Nyonga imeshindikana. Mama yako hatembei tena, Kaka. Yule mama aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu na ndoo ya ulezi kichwani sasa anabebwa kwenda msalani, na anayembeba ni mkeo.

Bodi imeandika kwamba chanzo ni mafuriko. Nikasema kwenye kikao kwamba mafuriko yalizima kituo kimoja, cha pili kilifungwa na mtu. Wakaangalia chini, wakaniambia nina uchungu. Ni kweli ninao.

Mama nilikwenda kumwambia mwenyewe, kwa sababu alishinda akiwalaani watu wa Dar kwa kosa lisilo lao. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikasema ni Marwa, hakutuachia funguo. Nilijiandaa kufukuzwa. Akasema, "Hata babake alifanya hivyo. Alikufa nazo moyoni, ng'ombe zetu. Mpaka leo hatujui ziko kwa nani. Marwa akaacha shule kuzitafuta, akazunguka Serengeti yote anauliza maboma ya watu, wanamcheka."

Hukuwahi kuniambia. Hadithi zote zile za maboma mawili, na hukuniambia kwamba boma la pili la baba yako hamkulipata. Ningeweza kukuelewa kama ungekuwa hujui. Lakini ulijua, Kaka, uliijua njaa na aibu inayoletwa na siri hiyo, na bado ukatufanyia sisi kile kile alichokufanyia baba yako. Nilitoka pale bila kuaga.

Makaratasi yalipotimia kituo cha Dodoma kilifunguliwa, na unajua bodi ilifanya nini? Ilinikabidhi funguo zote mimi, peke yangu, kwa soda na makofi. Mwenyekiti alinishika mkono akasema sasa mimi ndiye wa kutegemewa. Nilirudi ofisini nikajifungia, nikalia kwa hasira mpaka kichwa kikauma.

Basi ahadi yangu ni hii. Nimemwita mfamasia wetu, nimemwita na yule nesi wa Iringa, ambaye anataka kuacha kazi na mimi namkatalia. Nimewapa funguo zote, nikawakalisha hapa wafungue kituo cha pili wenyewe, mikono yangu nimeiweka nyuma nisije nikawasaidia. Wamekosea, wamerudia, wamefungua. Hiyo ni mimi nikiwapo. Kwa hiyo Alhamisi nazima simu naenda kwetu Natta kupalilia mihogo, na nimeshapanga na watu wa Dar, ambao kituo chao kimeshatengemaa, wakizime mchana, bila kumwambia mtu hapa. Watanitafuta na hawatanipata. Kwa siku hiyo moja nitakuwa nimekufa kama wewe.

Kwaheri, Kaka Marwa. Mama ameshakusamehe, yeye ni mama. Mimi nipe muda. Na hao wawili wakishindwa Alhamisi, jioni nitarudi niwafundishe tena.

Mwanafunzi wako,
Bhoke