Biskuti Hapumziki Konani

Lexington, Jumatano

Dada Opal,

Goti lako limepona, au bado unalitumia kukwepa kuosha vyombo? Binti yako Darlene alikuja na programu ya kompyuta inayopima kasi ya farasi kila kipande cha mbio. Farasi wangu Biskuti alikuwa akimbie kesho.

"Mjomba, kila akifika konani anapunguza kasi, halafu anaongeza."

"Anavuta pumzi. Ana akili kukushinda!"

"Mbona penye njia iliyonyooka havuti? Kona inamuumiza."

Nikamwita daktari wa wanyama ampige picha, ili nipate kumcheka Darlene. Opal, mfupa wa mguu wa kushoto una ufa! Kesho ungevunjika, wangemchoma sindano ya kumuua palepale uwanjani. Nimemwondoa mbioni. Nakuandikia nimekalia ndoo bandani mwake.

Peremende ulizonitumia anazila Biskuti. Kompyuta sijaipa hata moja.

Kaka yako mbishi,
Virgil