Kijiti cha Barabara Nilichokihamisha

Katuba, Jumanne. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haitaki kunyesha.

Sijamwambia mtu.

Wiki iliyopita wapimaji wa serikali walipita wakipigilia vijiti vyenye vichwa vyekundu kutoka ua hadi ua. Walisema Leta, yaani serikali, itachonga barabara pana ili basi lifike huku, na baba, ambaye ni karani mjini, asiende tena kazini kwa miguu. Kijiti kimoja kilisimama katikati ya ua wetu.

Kesho yake alikuwa anakuja Madamu anayekagua usafi wa nyumba. Masista, ambao nimemaliza shule kwao juzi tu, walitufundisha kwamba ua nadhifu hauna kitu katikati. Basi nikaking'oa, nikakipigilia pembeni, kwenye uzio wa jirani yetu Mama Ngalula, nikafukia shimo na kufagia.

Madamu alitusifu. Nilifurahi, mjinga mimi.

Leo wapimaji wamerudi na kamba zao. Wamefuata vijiti, na kamba imepita juu ya jiko la Mama Ngalula. Wamechora msalaba wa chokaa mlangoni: litabomolewa. Yeye ni mjane. Bukari, ugali wetu, anayowauzia wafanyakazi huipika humo, na hana riziki nyingine.

"Na bukari nitapikia fasi gani? Mu bisi yenu?" Mama Ngalula alimuuliza kapita, msimamizi wao. Watu wakacheka kusikia basi likifanywa jiko.

"Mama, kulalamika iko bule. Kamuti ya Leta haidanganyake," kapita alijibu akikigonga kijiti.

Nilikuwa nimesimama palepale.

Nikisema, watauliza nani amegusa kitu cha serikali. Karani mwenzake baba alinyang'anywa nyumba na kurudishwa Kasai, mkoa alikotoka, kwa kosa dogo kuliko hili. Sisi pia tulitoka Kasai.

Jioni Mama Ngalula amekuja na sahani ya sombe, majani ya muhogo. "Mwana wangu, weye mutoto wa masista, uniandikie barua kwa Musyu Administrateri, mukubwa wa Leta. Kifaransa yako iko muzuri."

Hanishuku hata kidogo. Sombe sijaigusa.

Nimeandika salamu. Nimeandika kwamba jiko lake halikuwa njiani. Hapo nikasikia baba akikohoa chumba cha pili.

Sentensi iliyofuata inaanza na jina langu na kuishia na kijiti. Nimeiandika.

Sasa naenda kumsomea baba, kabla wino haujakauka na mimi sijageuza nia.