Kikohozi cha Mlinzi

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa,
Jumanne, 9 Oktoba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinifiche, najua hupendi kulalamika. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kuhesabu ndege bila kuwaona. Wanaohama hupita usiku, wakiitana wasipotezane. Juu ya paa la ofisi tumeweka kinasa sauti ndani ya ndoo. Asubuhi nasikiliza na kuandika: huyu kitwitwi, yule keremkerem. Ndivyo wewe ulivyotujua kwa vikohozi tulipoingia kwa kunyata.

Wenye jengo la vioo la jirani wamekubali kuzima taa zao, zinazowavuta ndege wakajigonga kwenye vioo, msimu mzima tukiwaonyesha kwamba ndege wanaopita ni wengi. Ripoti ni Ijumaa, na sahihi ni yangu.

Sasa sikia. Mwenzangu ofisini, tunayemwita Bwana Jumla, wiki iliyopita alianza kuniletea chai. Miaka miwili hajanipa hata maji! Nikajiambia, hapa pana jambo. Rekodi ya Jumamosi, zamu yake, ilikuwa na milio mia tatu na kumi. Dakika ya tisa mlinzi akakohoa mara tatu, akaangusha funguo. Nikarudia ya Jumatano: kikohozi kile kile, funguo zile zile. Na Jumamosi mlinzi alikuwa likizo.

Nilipomuuliza Bwana Jumla, alicheka. “Dada, ndege hawana vitambulisho. Utajuaje ni wale wale?”

“Mlinzi anacho.”

Akakuna kichwa. “Betri iliisha. Nami nataka taa zizimwe. Wewe hutaki?”

Nataka, Shangazi. Hapo ndipo aliponibana. Lakini wakigundua usiku mmoja wa uongo, hata rekodi za kweli hawataziamini. Nimeikata Jumamosi kwa kalamu nyekundu: hakuna rekodi. Sasa nasikiliza upya zamu zake zote. Na zangu pia, maana najishuku. Huenda nami nilisikia nilichotamani kusikia.

Chai imekoma. Taa bado zinawaka. Leo asubuhi nimeokota keremkerem wawili chini ya ule ukuta wa vioo, nikawafunga gazetini na kuwaweka kwenye friji ya ofisi, nyuma ya maziwa ya Bwana Jumla. Ijumaa nitaingia mkutanoni na hesabu pungufu, na hao wawili mkobani.

Nisalimie Bibi, na Kaka Mkubwa umwambie barua zangu hazijibiwi kwa kimya. Mungu akupe usingizi usio na maumivu.

Ni mimi nikupendaye, mwanao uliyempa jina,
Sikio