Doa la Njano kwenye Ukuta wa Mama

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiisoma barua hii hewani tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mama hukusikiliza kila Jumatano akichambua mboga, na redio yetu huwa juu.

Nimemaliza shule mwaka huu nikapata kibarua cha kumsaidia dada mmoja mtafiti, anasomea udaktari wa nyuki, ule wa vitabu si wa sindano, na amepewa ufadhili ili ajue ni nani anayechavusha maua ya maboga vizuri zaidi, nyuki wa mizinga au nyuki wa porini wasio na mzinga wala malkia, ambao kila jike hujichimbia tundu lake mwenyewe. Kazi yangu ni kuwanasa hao wa porini kwa wavu, kuwapaka doa la rangi mgongoni na kuwaachia, kisha tunatafuta wanakolala. Huu ni mwaka wa pili dada hajapata tundu hata moja, na ufadhili unaisha mwezi ujao. Hutambaa mitaroni kwa magoti, akiinuka ananiuliza, "Mdogo wangu, hawa wenzetu wamepanga wapi? Mbona hawatukaribishi?"

Mimi najua walikopanga. Wamepanga kwetu.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naosha vyombo uani, nikamwona nyuki mwenye doa la njano, nililompaka mwenyewe asubuhi ile, nalijua kwa sababu nyuki alifurukuta likaenda upande, akaingia kwenye tundu la ukuta wa jiko letu, na matundu yenyewe ni mengi, tangu utotoni tulikuwa tukiyachokonoa kwa vijiti. Lakini sikusema, Shangazi, kwa sababu siku ya kwanza dada aliponirudisha kwa gari niliona aibu kumwonyesha nyumba ya udongo, nikamwonyesha ya jirani yenye plasta na geti jeusi, na tangu hapo hunishusha pale kila jioni, nasimama nikijifanya natafuta ufunguo mpaka gari lipinde kona, ndipo napita uchochoroni kwenda kwetu. Jirani ameshaniuliza, "We binti, geti langu limekukosea nini?"

Kuna baya zaidi. Siku moja nilimwambia mama kwamba kazini tunapaka nyuki rangi, akacheka mpaka akakaa chini, "Nyuki wanapakwa rangi, na ukuta wa mama yako hauna hata chokaa!" Basi nikamsumbua mjomba, ambaye ni fundi mwashi, mpaka akakubali kuipiga nyumba nzima plasta Jumamosi hii, iwe zawadi yangu ya kumaliza shule. Sasa mama amemwambia kila mtu, na mimi nikiyatazama yale matundu nawaona nyuki wakizikwa wazima. Nikisema, dada atajua nimemdanganya, na mama atajua niliionea aibu nyumba yake. Nikinyamaza, Jumamosi itafika. Nifanye nini?

Mwenye Aibu

*

Marahaba, mwanangu. Aibu naijua. Nilipokuwa na umri wako nilificha viatu vyangu chini ya dawati mwaka mzima. Lakini dada wa watu anachubuka magoti mitaroni, na wewe umesimama nyuma yake na wavu, jibu unalo. Hiyo si haya tena. Huo ni ukatili, hata kama hukuukusudia. Na hebu niambie, mtu aliyetafuta tundu la udongo miaka miwili, akiuona ukuta wa udongo atakunja pua? Ataupiga picha mpaka simu iishe chaji!

Anza na mama, leo. Usikimbilie habari za nyuki, anza na habari za geti. Itamuuma. Mwache imuume, wala usijitetee. Kisha mshike mkono umwonyeshe anakoingia yule wa njano.

Kesho jioni dada akisimamisha gari pale kwa jirani, usishuke. Mwambie, "Si hapa, dada. Twende mbele kidogo." Mengine ukuta utamweleza, ila samahani uiseme wewe. Huenda akakufukuza kazi, sitakudanganya. Akikufukuza, uondoke ukiwa umesema.

Mjomba naye aje Jumamosi kama alivyoahidi, apige plasta kwingine kote. Ukuta wa matundu ungoje mpaka dada aseme nyuki wametoka, na ukishapata jibu hilo, simamia mama amaliziwe nyumba yake. Zawadi hiyo sasa ni deni lako.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Lakini nimesoma hewani doa la njano, nimesoma plasta ya Jumamosi na mjomba fundi, na umesema redio yenu huwa juu. Basi muda huu mama ameshaziacha mboga, anautazama ukuta. Toka huko ulikojificha, ukakae naye.