Mikono Yangu

Birongo, 5 Mei 2024

Mama mpendwa,

Bwakire buya. Mguu wako umepona? Huku sisi tuko, na mvua imezidi. Barua hii ataleta jirani yangu Ruth akija soko la Marani na ndizi. Nimeandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Biblia ya Ekegusii tu, na nikipiga simu huwa anaskia kila neno kupitia ukuta.

Mama, naogopa mikono yangu. Jumatano nilitoka kuchuma majani chai nikakuta Bitutu analia. Nikanyonyesha, akalia. Nikambeba mgongoni, akalia. Halafu nikaona nimemshika mabega, nimemshika sana, na mikono inataka kumtikisa. Nikamweka kitandani nikatoka mbio, nikakaa katikati ya majani chai hadi akanyamaza. Mama gani anatoroka mtoto wake? Babake, Haron, hajui, bado yuko kazi ya mjengo Kenyenya. Usiseme kwa mtu.

Ni mimi mwanao,
Bochaberi

Marani, 9 Mei 2024

Bochaberi mwanangu,

Mguu unanisumbua kama mkopeshaji, lakini natembea. Nimesoma barua yako mara mbili nikalia kidogo, halafu nikapika.

Hukumtoroka mtoto. Ulimweka mahali salama ukatoka, na hivyo ndivyo inafaa. Ikirudi, fanya hivyo tena: mlaze, funga mlango, nawa uso maji baridi, pumua polepole, kisha umrudie. Kula kabla ya kuingia shambani. Chai ya rangi si chakula. Akilala, lala, vyombo vingoje. Na kwa nini uliacha egesangio? Wale kina mama mnaopaliliana mashamba kwa zamu wana mikono ya kubeba mtoto. Kliniki pia, mwambie nesi vile umeniambia.

Mwambie Haron. Ningekuja mwenyewe, lakini unajua kwetu mama halali kwa mkwe wake. Ningemwaibisha.

Mamako,
Eucabeth

Birongo, 27 Mei 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Bitutu hajambo, ameanza kucheka. Mimi sijui.

Maji baridi nimenawa. Kupumua nimepumua, kunasaidia, halafu inarudi. Kliniki nilifika, nesi akauliza mtoto anaendeleaje, nikasema vizuri, nikarudi. Egesangio sikwenda. Bi Masese alipita na wenzake wa kikundi akaniambia, "Siku hizi umekuwa mwalimu, jembe hutaki?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ningewaambia nini?

Leo nilimwacha Bitutu kwa mama mkwe nikisema naenda kuchota maji. Nikajikuta barabarani, mtungi umebaki nyumbani, sijui nilikuwa naenda wapi. Nimerudi. Mtoto analia sasa, na ninakuandikia nikiwa nje ya mlango. Haron sijamwambia. Atafikiri aliacha mtoto na mwendawazimu.

Usiniambie nisali tu, Mama. Nasali. Niambie nani atanishika mikono.

Mwanao

Marani, 30 Mei 2024

Mwanangu,

Sikujibu haraka kwa sababu nilikuwa Kenyenya.

Ndiyo, nilienda kwa Haron, pale pale mjengo. Unajua aibu ya mama mkwe kusimama mbele ya mkwewe na mambo ya nyumbani kwake. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Tuliongea tukiangalia mchanga. Nilimwambia yote, ukasirike ukitaka. Nilifikiri nimeharibu ndoa yako. Kisha akasema, "Mama, mbona hakuniambia?" Nikamwambia, "Anaogopa." Akasema, "Hata mimi sasa naogopa," akaenda kuomba ruhusa kwa fundi. Atafika kesho kabla ya Sabato. Kliniki mtaenda wote wawili, na safari hii nesi ataulizwa juu yako.

Mimi nafika leo. Ruth ametangulia na barua hii, na ameapa hatatoka hapo hadi anione. Mpe mtoto. Usimweleze kitu, anajua kubeba.

Haron alisema nilale ndani ya nyumba. Nimekataa, mila ni mila. Jiko lako liko nje peke yake, washa moto huko. Nitalala jikoni, na Bitutu atalala na mimi, alie anavyotaka.

Usijibu barua hii. Lala.

Mamako